Manjano kwa ajili ya ini: kuyachagua, kuyasaga, kuyapima, na kujua wakati wa kuyaacha

Ini la mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Damu itokayo tumboni na kwenye matumbo hupita humo kwanza kabla ya kusambaa mwilini. Kwa hiyo chochote unachomeza, kiwe samaki wa kupaka, panadol au unga wa mizizi, ini ndilo linalokipokea na kukichambua. Dawa ya mitishamba inayouzwa kwa jina la ini nayo hupita humo humo, na ikiwa mbaya, au nyingi kupita kiasi, ini ndilo litakaloumia. Ndiyo maana mwongozo huu unasisitiza vipimo, mizani na tarehe kuliko sifa za dawa.

Tumechagua manjano kwa sababu karibu kila jiko la Lamu na Malindi linayo, na mtu anaweza kuyatambua kwa jicho na pua. Pia yamefanyiwa utafiti. Kwa watu wenye mafuta kwenye ini, majaribio kadhaa ya wiki 8 hadi 12 yalionyesha vimeng'enya vya ini, yaani ALT na AST, ambavyo hupanda kwenye damu ini likiumia, vikishuka kwa kiasi kidogo. Msaada wenyewe unaishia hapo. Manjano hayaui virusi vya homa ya ini B wala C, hayaondoi makovu ya ini lililokwisha kusinyaa, na hayamlindi mnywaji wa mnazi anayeendelea kunywa.

Kabla ya kununua, pima

Nenda maabara ukiwa bado hujaanza. Omba vipimo vya ini (ALT, AST, ALP, bilirubini na albumini), kipimo cha homa ya ini B kinachoitwa HBsAg, kipimo cha homa ya ini C, na sukari ya asubuhi kabla ya kula. Ukiwa na kitambi, muulize daktari kuhusu picha ya ultrasaundi. Katika maabara nyingi kikomo cha juu cha ALT huwa karibu 40, lakini soma kile kilichoandikwa kwenye karatasi yako mwenyewe, kwa kuwa mashine hutofautiana.

Anayetoka Faza, Kizingitini au Kiunga kuja Hospitali ya King Fahd mjini Lamu apige simu kwanza aulize ni vipimo gani vinafanyika siku hiyo, kisha avikusanye vyote katika safari moja. Nauli ya boti si ndogo, na mtu aliyerudi na nusu ya majibu mara nyingi haendi tena.

Msisitizo wetu kwenye HBsAg una sababu. Homa ya ini B hukaa mwilini miaka mingi bila maumivu yoyote. Mtu anajiona mzima, anakunywa mizizi, anasema inamsaidia, na huku ini linafanya makovu. Watoto wa Kenya walianza kuchanjwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo watu wazima wengi hawana chanjo hiyo. Ukionekana huna virusi wala kinga, omba uchanjwe: sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu mwezi wa sita. Ukionekana na B, zipo dawa za kukizuia kirusi. Ukionekana na C, vidonge vya kisasa huiponya kabisa, mara nyingi kwa wiki 12. Hakuna mzizi unaofanya hivyo, na kuchelewesha matibabu ya ugonjwa huo kwa ajili ya mitishamba ni kujidhulumu.

Wasioanza kabisa

Usitumie manjano kama dawa ikiwa macho yako yamekuwa ya manjano, una mawe kwenye mfuko wa nyongo, au mrija wa nyongo umeziba. Manjano huufanya mfuko wa nyongo ujikaze, na jiwe lililokuwa limetulia laweza kusukumwa likakwama. Mwenye ugonjwa wa ini uliokwisha kuthibitishwa asijianzie. Daktari wake ndiye wa kuamua. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto watosheke na yale ya kwenye mchuzi.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, yuko katika hatari ya kutokwa damu. Anayetumia vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari. Mwenye mawe ya figo ajue kuwa manjano yana oksaleti nyingi, na mwenye upungufu wa damu ajue kuwa yanapunguza madini ya chuma yanayofyonzwa kutoka kwenye chakula. Ukipangiwa upasuaji, acha wiki mbili kabla.

Wagonjwa wa kifua kikuu tunawataja peke yao. Isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi zote tatu zinaweza kuliumiza ini. Ukiongeza mitishamba juu yake kisha vimeng'enya vikapanda, daktari hatajua alaumu nini, na huenda akalazimika kusimamisha dawa zinazokuponya. Subiri umalize matibabu.

Kununua

Omba manjano mazima yaliyokauka, usichukue bizari ya mchuzi iliyosagwa. Ndani ya bizari mna giligilani, uzile na vingine, kwa hiyo hutajua umekula gramu ngapi za manjano. Unga wa manjano ulio tayari nao una shida yake: unaweza kuchanganywa na unga wa mchele au wanga, na baya zaidi, rangi. Bangladesh iligundulika kwamba baadhi ya wafanyabiashara walikuwa wakiyang'arisha manjano kwa kromati ya risasi ili yavutie. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa wa mtoto, na hukaa mwilini miaka.

Chukua pingili moja uivunje mbele ya muuzaji. Nje inatakiwa iwe na rangi iliyofifia, kahawia iliyochanganyika na manjano, na ndani iwe ya machungwa iliyokolea. Pingili ambayo nje inang'aa kuliko ndani, na inaacha vumbi la manjano makali ukiisugua kwa kidole, iache dukani. Watu wengine hutia unga kwenye maji ya magadi. Ukigeuka mwekundu husema ni safi. Wekundu huo unathibitisha tu kwamba manjano yamo. Hautakuambia kama na risasi imo.

Wiki 12 za kutumia gramu 3 kwa siku ni gramu 252. Nunua gramu 300, maana mengine hupotea kwenye kumenya na kuchekecha.

Kukausha na kusaga

Hapa ndipo hali ya hewa ya pwani inapoharibu kazi. Unyevu wa masika, na hata upepo wa bahari wa kawaida, huyarudishia maji manjano yaliyokuwa makavu, kisha yanaota ukungu ndani ya mkebe.

Osha pingili haraka kwa maji safi, zisugue, kwangua ganda la nje, usiziloweke. Zianike kwenye ungo, juu ya kitambaa safi, mahali penye upepo na jua, na uziingize ndani kabla ya alasiri kuisha kwa sababu umande wa usiku huzifuta kazi za mchana. Pingili iko tayari ikivunjika kwa mlio. Ikipinda kabla ya kukatika, bado ina maji, irudishe juani. Ukiwa na manjano mabichi, yachemshe kwanza kwa dakika 45 hadi yalainike, yakate vipande vya milimita 3 hadi 5, ndipo uyaanike. Kilo 5 mbichi zitakupa karibu kilo moja kavu.

Vunjavunja kwenye kinu, kisha twanga au tumia mashine ndogo ya viungo. Usipeleke kwenye kinu cha posho, kwani mabaki ya mahindi yatachanganyika humo, na mahindi yenye ukungu ndiyo chanzo kikuu cha sumukuvu. Sumu hiyo hushambulia ini moja kwa moja. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu katika maeneo ya Makueni na Kitui yaliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao wakafariki. Kwa hiyo unga wa mitishamba ulioshikana mabonge au unaonuka uvundo utupe wote. Kuuanika tena au kuuchemsha hakuiondoi sumukuvu iliyokwisha kuingia.

Chekecha kwa chekecheo laini. Saga ya mwezi mmoja tu, karibu gramu 100, na pingili zilizobaki zihifadhi zikiwa nzima. Weka unga kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, ndani ya kabati lenye giza, kwa sababu mwanga huiharibu kurkumini, kiini chenye kazi. Chota kwa kijiko kikavu. Kijiko kilichotoka kwenye chai kinatosha kuharibu chupa nzima.

Kupima

Kipimo cha siku ni gramu 1.5 hadi 3 za unga, kikigawanywa mara mbili. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba karibu gramu 3, lakini vijiko vya nyumbani havilingani, na kijiko cha mlima hubeba karibu mara mbili. Njia nzuri ni kwenda kwa sonara mwenye mizani ya dhahabu ukamwomba akupimie gramu moja na nusu, halafu uitie kwenye kijiko chako na kutia alama ilipofika. Ni kazi ya dakika moja na hutahitaji kuirudia.

Wiki mbili za mwanzo tumia robo kijiko asubuhi na robo kijiko jioni. Tumbo likikubali, panda hadi nusu asubuhi na nusu jioni. Usizidi hapo. Siku mliyopika wali wa manjano au mchuzi ulioiva rangi, ruka dozi ya jioni. Vijiko viwili vya chai kwenye sufuria ya watu sita ni gramu moja kwa kila sahani.

Kutayarisha

Kurkumini haiyeyuki kwenye maji. Inahitaji mafuta kidogo na moto mdogo, ndiyo maana manjano kwenye tui la nazi yanafyonzwa vizuri kuliko manjano ndani ya glasi ya maji baridi.

Kwa dozi ya jioni chukua maziwa mililita 200, yaani kikombe kimoja, au nusu kikombe cha tui la pili na nusu cha maji. Tui la kwanza, lile zito, liache. Mwenye mafuta kwenye ini hahitaji kuongezewa. Weka manjano kwenye kikombe, tia vijiko viwili vya maziwa baridi, koroga yawe kama uji mzito. Ukimwaga unga moja kwa moja kwenye maziwa ya moto utapata mabonge yasiyoyeyuka, na dozi yako itabaki imeganda kwenye sufuria. Mimina uji huo kwenye maziwa yaliyobaki, ongeza kipande cha tangawizi iliyopondwa, bandika moto mdogo, koroga kwa dakika 5 hadi 7 bila kuacha yafoke. Moto mkali huyaunguza chini yakawa machungu, na kuchemsha kwa muda mrefu huipunguza kurkumini.

Usichuje. Ukipitisha kwenye chujio, dawa inabaki kwenye chujio. Koroga kila unapopiga funda, maana unga hutuama. Wala usitie sukari: sukari ni miongoni mwa vitu vinavyolijaza ini mafuta, na vijiko vitatu vya sukari kila jioni vitapingana na kazi yote hii. Asubuhi ni rahisi zaidi, changanya na yai la kukaanga au uji, baada ya kuanza kula. Mwezi wa Ramadhani weka dozi moja baada ya futari na nyingine wakati wa daku, zote na chakula.

Pilipili manga ni suala la kuangaliwa. Piperini iliyomo huongeza sana kiasi cha kurkumini kinachoingia kwenye damu. Punje chache kwenye mchuzi hazina neno. Lakini piperini pia hupandisha kiwango cha dawa nyingine mwilini, zikiwemo fenitoini ya kifafa na propranololi ya presha na moyo, kwa hiyo anayetumia dawa za kila siku asiiongeze kwa makusudi kwenye kikombe cha manjano.

Kuhusu kapsuli

Tunapendelea unga wa jikoni, na hesabu yake ni hii. Unga wa manjano una karibu asilimia 3 ya kurkumini, hivyo gramu 3 zina miligramu 90. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka kikomo cha miligramu 3 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 180 kwa mtu wa kilo 60. Kapsuli moja ya miligramu 500 yenye kurkumini asilimia 95 ina miligramu 475. Ni sawa na vijiko vitano vya chai vya unga kwa mpigo, na nyingi zimetiwa piperini juu yake.

Madaktari Marekani na Italia wameandika kuhusu watu waliopata homa ya ini kutokana na vidonge vya manjano, mara nyingi mwezi wa kwanza hadi wa nne baada ya kuanza. Wengi walipona walipoacha, lakini wapo walioumia vibaya. Inaelekea watu fulani wamezaliwa na urithi unaowaweka kwenye hatari hiyo, na kwa kumtazama mtu huwezi kumjua.

Ukishikilia kutumia kapsuli, angalia kama imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, kama imeandikwa miligramu za kurkumini na tarehe ya kuisha, na kama ni manjano peke yake. Chagua isiyo na piperini.

Zile za "kusafisha ini"

Ini halikusanyi uchafu wa kukoshwa. Sanamaki hukuharisha, na kuharisha huko ni kwa utumbo, ini halikuguswa. Ukiitumia kwa wiki nyingi mfululizo, utapoteza maji na potasiamu, na kumeripotiwa hata madhara ya ini. Shubiri ya kunywa nayo imewahi kuhusishwa na homa ya ini. Mafuta ya mwarobaini usimnyweshe mtoto kamwe: yameshasababisha degedege, kupoteza fahamu na vifo kwa watoto wadogo.

Mchanganyiko wa chupa isiyo na karatasi ndio unaotutia hofu zaidi. Muulize muuzaji kwa adabu: "Shikamoo mzee wangu. Humu mna miti gani, na kila mmoja ni kiasi gani?" Akikujibu waziwazi, andika. Akisema ni siri ya ukoo, mshukuru na uondoke. Baadhi ya michanganyiko hutiwa vidonge vya hospitali vilivyosagwa, na ini linapogoma hakuna ajuaye ni kitu gani kilichoingia. Kwa sababu hiyo hiyo, ukiwa kwenye manjano usiongeze habasoda, mlonge na mizizi mingine kwa pamoja. Mmea mmoja kwa wakati mmoja.

Ukiona hivi, acha siku hiyo hiyo

Macho kuwa ya manjano. Mkojo mweusi kama chai ya rangi. Kinyesi cheupe. Kuwashwa mwili mzima bila upele. Kukosa hamu ya kula pamoja na kichefuchefu na uchovu usioelezeka. Maumivu chini ya mbavu za kulia.

Manjano unayokula hayageuzi macho rangi. Tunasema hivi kwa sababu mtu aweza kujifariji kuwa ni rangi ya dawa inatoka, akaendelea wiki mbili zaidi. Ni nyongo iliyoingia kwenye damu, wende hospitali. Usianze tena hata ukipona, kwani anayerudia huweza kuugua upya.

Kuchanganyikiwa, usingizi usio wa kawaida, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au tumbo kujaa maji ni dharura. Anayekaa kisiwani asingoje asubuhi aone kama nafuu itakuja, hasa wakati wa kusi bahari inapochafuka. Atafutiwe boti mapema kungali mchana. Beba chupa ya dawa na uliyobaki nayo, na useme bila haya: "Daktari, natumia manjano, nusu kijiko asubuhi na jioni, wiki ya sita sasa." Sentensi hiyo inaweza kuokoa siku nzima ya kutafuta sababu.

Kiungulia na tumbo kulegea ni madogo. Tumia baada ya kula, rudi kwenye robo kijiko. Yakiendelea wiki nzima, acha.

Yanayokwenda sambamba

Kwa ini lenye mafuta, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wa mwili kuna nguvu kuliko manjano kwa mbali. Mtu wa kilo 90 ni kilo 6 hadi 9. Anza na soda, juisi za sukari, kaimati na halua. Mahamri mawili badala ya manne ni mwanzo mwema.

Kahawa inastahili heshima. Tafiti nyingi za watu wanaoinywa kila siku zimeihusisha na kupungua kwa makovu na saratani ya ini, na kahawa chungu ya mdila, isiyo na sukari, ndiyo hasa inayofaa. Finjani ni ndogo, kwa hiyo finjani nne au tano ndizo zinazokaribia vikombe viwili vya kawaida. Ukiwa na presha isiyotulia au moyo kwenda mbio, punguza.

Vimeng'enya vikiwa juu, acha pombe na miraa na muguka. Madhara ya ini kwa watafunaji wa miraa yameandikwa. Panadol za miligramu 500 zisizidi nane kwa saa 24 kwa mtu mzima, na mnywaji au mwenye ini bovu amuulize daktari kiwango chake, ambacho mara nyingi ni nusu ya hapo.

Kupima tena

Rudia ALT, AST na bilirubini wiki ya 4 hadi ya 6, kisha wiki ya 12, ikiwezekana maabara ile ile. ALT ikifika mara tatu ya kikomo cha maabara, acha na umwone daktari hata kama huhisi chochote. Ikipanda pamoja na bilirubini, usilale nalo.

Wiki ya 12 ikifika, acha kwa vyovyote. Ikiwa namba hazikushuka, manjano hayakukufaa, usiongeze dozi. Zikiwa zimeshuka na umepungua uzito, endelea na chakula chako na kutembea, na upime tena baada ya miezi mitatu bila manjano ujue kipi kilichokusaidia. Unga uliobaki, kama haujashika mabonge, upakie samaki.